Dawa ya Deni

Kiswahili chetu kina neno la ajabu kwa kazi hii. Tunasema kusafisha picha. Unapeleka mkanda studio, unaambiwa njoo Alhamisi zitakuwa zimeshasafishwa, utadhani picha imelala mle ndani na tope usoni na kazi ya fundi ni kuiogesha. Ukweli ni kwamba dawa ya kwanza haioshi kitu. Inapika. Ndani ya utando wa filamu mna chembechembe za chumvi ya fedha. Zile zilizoguswa na mwanga dawa inazigeuza kuwa fedha yenyewe, nyeusi tii, na zile zisizoguswa inazipita. Kuosha kunakuja baadaye, kwa dawa ya pili, fiksa, inayoibeba ile chumvi iliyobaki. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, fundi picha ni mpishi, na mpishi yeyote atakwambia kwamba mboga ileile kwa viungo tofauti ni chakula kingine.

Viungo ndivyo vilivyotugombanisha mimi na baba mdogo kwa karibu miezi miwili, mwaka 2023.

Baba mdogo alikuwa mpiga picha wa mtaani, Tanga. Studio hakuwa nayo. Alikuwa na kamera moja ya Zenit, baiskeli, na choo cha nyumba ya kupanga kule Ngamiani ambacho usiku kiligeuka chumba cha giza, wapangaji wenzake wakajibana mpaka amalize. Alipiga pasipoti, maulidi, harusi, watoto wa jando, wanafunzi wanaomaliza darasa la saba. Wenzake walipohamia kwenye rangi yeye alibaki na nyeusi na nyeupe. Usidhani ni usanii; ni hesabu tu. Mkanda wa rangi ulilazimika kwenda kwa wenye mashine mjini na faida ikabaki hukohuko, wa nyeusi na nyeupe aliusafisha mwenyewe kwa ndoo mbili. Ilipofika mwaka 1999 wateja walikuwa wamemkimbia, dawa imeadimika, naye akauza baiskeli akaingia kwenye biashara ya machungwa ya Muheza. Mikanda mitatu iliyokwisha kupigwa ikabaki kwenye kopo la maziwa ya unga. Studio zenye majina, kama Capital Art ya Zanzibar iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ziliacha hazina ya picha ambayo watu wanaijia kutoka mbali kuitazama. Wa mtaani waliacha makopo.

Ndani ya kopo hilo mlikuwa pia na daftari la shule. Kurasa mbili, majina kumi na moja, na mbele ya kila jina kiasi alichopokea. Mia tano, kopi moja. Mia tano, kopi moja. Elfu moja, kopi mbili.

Sasa anaumwa sukari na macho yanakwenda. La kushoto ni ukungu mtupu, la kulia linafanya kazi mchana tu, tena kwa kubembelezwa. Akaniita. "Mwanangu, hawa watu wananidai. Hela zao nimekula na mali sijawapa." Kwetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu husimama mbele ya watu akauliza ni nani anamdai marehemu. Baba mdogo hataki mikono kumi na moja inyanyuke. Nilimwambia hela ni kidogo, tuwarudishie hela zao, yaishe. Akanitazama kwa lile jicho moja. "Walilipia picha," akasema.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kemia ya kuungaunga, riwaya iliyokwama sura ya tatu, na muda. Muda ndio niliokuwa nao kwa wingi.

Mikanda yenyewe ilikuwa HP5 Plus ya Ilford, ile ya ASA 400, ambayo Waingereza waliitoa mwaka 1989. Filamu nzuri, mvumilivu, lakini filamu yenye kasi huzeeka haraka kuliko ile ya polepole, na hakuna kinachoizeesha kama joto. Sasa piga hesabu: miaka ishirini na minne, Tanga, chini ya bati. Filamu iliyozeeka inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza sura iliyopigwa inafifia, maana alama iliyoachwa na mwanga ni kitu dhaifu mno kabla dawa haijaifikia. Pili, chembe ambazo hazikuguswa na mwanga zinaanza kujifanya zimeguswa, zikipata dawa nazo zinageuka nyeusi. Mafundi wanaita ukungu. Kwa hiyo unatafuta dawa itakayoiamsha sura bila kuuamsha ukungu, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia, kwa sababu dawa yenyewe haina macho. Na hakuna kurudia. Ukiharibu chapa unatoa nyingine, ukiharibu mkanda umeharibu harusi ya mtu.

Wa kwanza kutoa ushauri alikuwa mshikaji wangu mmoja wa Dar, kijana wa kileo, anapiga filamu kwa mapenzi. Yeye ni Rodinal tu. Hasikii la mwadhini. Na kweli dawa hiyo ina heshima yake: Agfa ya Berlin waliileta sokoni mwaka 1891, na mpaka leo inatengenezwa na kuuzwa, ingawa kwa majina zaidi ya moja. Ni maji mazito unayazimua, sehemu moja ya dawa kwa ishirini na tano za maji, au kwa hamsini, au kwa mia. Chupa ikishafunguliwa inageuka rangi ya kahawa na bado inafanya kazi miaka na miaka. Mshikaji alisema tuizimue kwa mia, tutumbukize mkanda, tuuache saa nzima bila kuutikisa. Nikampelekea baba mdogo habari hiyo. "Saa nzima? Hiyo dawa au makande?"

Alikuwa na sababu, si ubishi wa wazee. Rodinal haiyeyushi kingo za chembe kama zinavyofanya dawa zenye salfaiti nyingi, kwa hiyo chembe zinatokea zote, kali, kama mchanga wa Raskazone. Kwenye filamu ya polepole ni uzuri, kwenye ASA 400 iliyozeeka ni upele. Halafu saa nzima kwa joto letu ni noma. Dawa nyingi za nyeusi na nyeupe zimepangiwa nyuzi 20 za Selsiasi. Nilitia kipimajoto kwenye maji ya bomba saa saba mchana, mwezi wa pili, kikasoma 30. Nyuzi zikizidi unapunguza dakika, kama moja ya kumi kwa kila nyuzi moja, lakini kuna mpaka: ukishuka chini ya dakika tano dawa haipati nafasi ya kusambaa sawasawa, unapata michirizi. Na maji yakiwa moto utando wenyewe unavimba na kulegea, ukiupeleka ghafla kwenye maji baridi unajikunja vipandevipande kama utando wa maziwa yaliyochemka. Kodak waliwahi kuwa na dawa mahususi ya nchi za joto, DK-15, yenye chumvi ya kuuzuia utando usivimbe. Sisi tulikuwa na barafu za mfuko za jirani.

Mshindani mkubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa HC-110. Kodak waliitoa mwaka 1962, na wanaosafisha mikanda ya zamani wengi huitaja hiyo kwanza, kwa kuwa ukungu wake ni mdogo. Niliitaka sana. Lakini bei ya chupa, ukiongeza kuisafirisha, ingelilipa lile deni la daftari mara nyingi na chenji ikabaki. Tena kwa uzimuaji wake wa kawaida, moja kwa thelathini na moja, HP5 Plus inaiva kwa dakika tano kwenye nyuzi 20. Kwa nyuzi zetu ingekuwa tatu na ushee. Ingewezekana kuizimua zaidi ili dakika zirefuke, najua, lakini tulishakwama kwenye hela kabla ya kufika kwenye dakika.

Baba mdogo muda wote huo alikuwa na jina moja mdomoni: ID-11. "Pakiti A, pakiti B." Hiyo ni dawa ya Ilford, na ukiitazama resipi yake ni sawa na D-76 ya Kodak, iliyotoka mwaka 1927, ambayo nadhani hakuna dawa iliyoigwa kuizidi. Resipi si siri. Kwa lita moja ya maji: metoli gramu 2, sodiamu salfaiti gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Ipitie kidogo, maana ina akili. Metoli na haidrokwinoni ndio wapishi wawili. Kila mmoja peke yake ni mchovu, wakiwa pamoja wanasaidiana, mmoja akichoka mwenzake anamrudishia nguvu. Boraksi inaipa dawa ukali kidogo tu, maana bila ukali huo wapishi hawaamki. Salfaiti, ile mia nzima, inawalinda wasiharibiwe na hewa, na pia inaziyeyusha kidogo chembe pembeni ili picha iwe laini.

Nikajisemea, resipi ninayo, nitachanganya mwenyewe. Nikapanda basi hadi Dar kwenye duka moja la kemikali za maabara. Salfaiti ipo. Boraksi ipo. Nilipotamka haidrokwinoni yule dada muuzaji akaacha kuandika.

"Ya nini?"

"Ya kusafishia picha."

Akacheka kicheko kirefu, akamwita mwenzake aje anione. Wenye dada zao wameshaelewa. Haidrokwinoni ndiyo iliyokuwa ndani ya krimu za kuchubua ngozi, ile mikorogo, na kwenye vipodozi imepigwa marufuku nchini. Kijana anaingia dukani anataka gramu chache na hadithi yake ni picha nyeusi na nyeupe! Sikumlaumu. Nikatoka na salfaiti na boraksi, vitu viwili ambavyo peke yake havipiki hata kivuli. Metoli wala sikuiona. (Nimeiweka kasheshe hiyo kwenye sura ya nne ya riwaya, kwa hiyo msije mkaiiba.)

Hapo ndipo nikaingia kwenye kahawa.

Msicheke. Mwaka 1995 kule Rochester, Marekani, mwalimu aitwaye Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba kahawa ya unga inayoyeyuka inaweza kusafisha filamu ikitiwa magadi. Walioifuata wakaongeza vitamini C, na resipi moja inayotumika sana kwa lita ni kahawa gramu 40, sodiamu kaboneti gramu 54, vitamini C gramu 16, dakika kumi na tano kwa nyuzi 20. Kinachopika humo ni asidi zilizomo kwenye kahawa, si ile kafeini inayokukesha. Na wenye uzoefu wanasema usipoteze hela kwa kahawa ya fahari: robusta ya bei ndogo ndiyo kali zaidi kwa kazi hii. Nilipolisoma hilo nikasimama. Robusta! Bukoba! Kopo la Tanica linapatikana duka lolote la Mangi. Dunia nzima watu wanahangaika na vifurushi vya posta, mimi nusu ya maabara iko rafu ya juu karibu na majani ya chai.

Sodiamu kaboneti nayo nikaipata kwa njia ya jikoni. Magadi tunayolainishia maharage ni kaboneti iliyochanganyika na bikaboneti, na ukiyakaanga vizuri bikaboneti inapoteza maji na hewa yake, inageuka kaboneti. Kule Ziwa Magadi, Kenya, kiwandani, wanafanya hivyohivyo kwa matanuri. Mimi nilitumia kikaango kibovu cha mama, kisha nikayachuja yakiwa kwenye maji, maana magadi ya sokoni yana mchanga wa kutosha kujengea. Vitamini C ya unga nilipata duka la dawa. Fiksa ilikuwa rahisi kuliko vyote: sodiamu thiosulfati, ambayo waliosoma kemia wanaikumbuka kwenye majaribio ya iodini. Nakuonya tu, harufu ya kahawa na magadi ndani ya choo kilichofungwa si ya kuhadithiwa.

Baba mdogo alikubali tuijaribu, kwa sharti. "Huwezi kujaribia harusi ya mtu." Basi tujaribie nini, na mikanda ni mitatu tu? Hapo mzee akanionyesha kwamba ukubwa wake si wa umri peke yake. Kila mkanda una mkia, kipande kilichobandikwa kwenye kijiti cha katikati, baada ya picha ya mwisho. Kipande hicho hakijawahi kuona mwanga. Kwenye filamu mpya, ukikisafisha, kinatakiwa kutoka cheupe kama kioo. Kwa hiyo weusi wowote utakaouona juu yake ni ukungu mtupu, na ukikata mikia mitatu unaweza kuzipima dawa tatu bila kugusa sura ya mtu yeyote.

Kufikia wakati huo pakiti ya ID-11 ilikuwa imeshafika. Rafiki yangu aliyekuwa Nairobi aliipata kwa mtu anayeagiza, akaipandisha basi mpaka Mombasa, likaja hadi Tanga kupitia Horohoro. A na B, kama alivyosema mzee. Aliishika pakiti akaipapasa kama mtu anayempapasa mtoto kichwani, akauliza wameandika nini siku hizi. Nikamsomea.

Tukafunga choo usiku wa saa tatu, dirisha tumeziba kwa blanketi na juu yake khanga mbili. Sinema nyingi zinamwonyesha fundi kwenye taa nyekundu. Taa nyekundu ni ya karatasi. HP5 inaiona nyekundu kama inavyoona rangi nyingine, kwa hiyo ni giza totoro, hata saa ya simu ni adui. Nilikuwa nimejiandaa kufanya kila kitu mwenyewe, maana mzee haoni. Nikapapasa kopo la kwanza la mkanda, nikapapasa kifungulia soda, vikanishinda. Akavichukua mkononi mwangu. Nikasikia tu kifuniko kimebanduka, filamu ikajikunjua kwa mlio mwembamba, mkasi ukalia mara moja. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Ndani ya dakika chache alikuwa ameikata mikia yote na kuirudisha mikanda kwenye vikopo vyake vya giza, huku ananiuliza kwa nini nahema. Mle ndani wote wawili tulikuwa vipofu, na yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu.

Mkia wa kwanza tuliutia kwenye kahawa. Wa pili kwenye ID-11 iliyozimuliwa nusu kwa nusu. Wa tatu kwenye ID-11 hiyohiyo na chembe za potasiamu bromidi, ambayo kazi yake ni kuuzuia ukungu. (Wapo wanaotia chumvi ya mezani yenye madini joto kwenye kahawa kwa nia hiyohiyo.) Asubuhi nikaviinua vipande vitatu dirishani. Cha kahawa kilikuwa na rangi ya chupa ya dawa ya kikohozi. Sehemu yake ni doa la kahawa yenyewe, lakini hata ukilitoa doa ukungu ulikuwa mzito. Cha ID-11 tupu kilikuwa kijivu, kama kioo cha chemli kilichopata moshi. Cha bromidi kilikuwa cheupe, si kama kipya, lakini gazeti lilisomeka chini yake.

Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha. Bromidi. Nikamweleza, nikamweleza tena kwa hesabu. Akatikisa kichwa. Tukavutana siku nne, mama akawa anatuletea chai kila mtu na sinia lake.

Hoja yake ilikuwa hii. Bromidi haichagui. Inazuia chembe zilizo dhaifu, na kwenye mkanda wa zamani sura nayo ni dhaifu. Inayoumia kwanza ni sehemu ile ambayo mwanga ulifika kidogo. "Na sisi sura zetu ziko wapi kwenye negativu?" akaniuliza. Nikanyamaza. Kanzu nyeupe kwenye negativu ni weusi mnene, hata uizuie vipi itabaki. Uso wa mtu mweusi aliyesimama kwenye jua la saa tisa, na kofia juu, uko kwenye sehemu nyembamba kabisa, karibu na kioo. Ukitia cha kuzuia, utapata kanzu nzuri, ukuta mzuri, na mtu hana macho. Ukungu ukiwa sawasawa mkanda mzima, unaweza kuupita kwa kuongeza mwanga wakati wa kutoa picha. Uso ambao haukutokea kwenye dawa hautokei tena. "Wananidai sura," akasema, "kanzu zao wanazo nyumbani."

Vitabuni wanapenda kupima dawa kwa ukungu, kwa chembe na kwa ukali wa mistari. Swali la uso wa nani utaanguka wapi kwenye mkanda sikulikuta popote nilipopitia. Alilijua mtu aliyekuwa akitoa pasipoti za watu wa Ngamiani kwa ndoo, kwa kuwa mteja asipojiona hapokei picha wala halipi.

Ikawa ID-11, moja kwa moja, bila bromidi. Kuizimua nusu kwa nusu kulikuwa na faida kwa joto letu. Isiyozimuliwa inaivisha HP5 Plus kwa dakika saba na nusu kwenye nyuzi 20. Iliyozimuliwa nusu kwa nusu inataka 13, kwa hiyo hata ukipanda nyuzi 24 unabaki na kama tisa, mbali na ule mpaka wa tano. Nyuzi 24 tuliziweza kwa beseni la maji na barafu, na maji yote mengine, ya siki ya kusimamishia na ya fiksa, yakakaa beseni hilohilo ili utando usishtuke. Dakika mzee aliongeza moja, zikawa kumi, kwa ajili ya uzee wa mkanda. Hiyo hatukubishana. Kila dakika nilikuwa nalipindua tanki mara nne polepole, naye kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kimya.

Mkanda wa kwanza ulitoka na picha thelathini na moja zinazosomeka. Wa pili ulikuwa umeliwa na unyevu nusu yake, picha zimeota maua ya kuvu, lakini tuliokoa kumi na nne. Wa tatu ulikuwa umepigwa picha tisa tu, nyingine ni za baiskeli yake, sijui kwa nini, hakutaka kueleza. Ukungu ulikuwapo kama tulivyotabiri, kijivu cha chemli. Niliziweka negativu juu ya kioo cheupe cha kompyuta, nikazipiga kwa simu, nikazigeuza. Nyuso zilikuwapo. Chembe nyingi, giza kwenye mashavu, lakini macho yapo.

Kujua nani ni nani ilikuwa kazi nyingine, maana mwenye kumbukumbu hawezi kuona na mwenye kuona hana kumbukumbu. Nikawa namsimulia.

"Mwanamke amekaa, ana mtoto mapajani. Nyuma kuna pazia."

"Pazia la maua?"

"La michirizi."

"Huyo ni wa Makorora. Mtoto alikuwa analia."

Nikatazama tena. Mtoto mdomo wazi.

Hivyo hivyo, jioni tatu, mpaka majina tisa kati ya kumi na moja yakapata picha zake. Mawili yalikuwa kwenye ile nusu iliyoliwa, hayo yamelipwa kwa hela, na kwa maneno mengi. Nikatoa picha kwenye duka la mjini, karatasi ya kawaida ya siku hizi, tukaanza kuzungusha kwa bajaji. Wawili walikuwa wamefariki, tukawapa watoto wao. Mmoja wa barabara ya kumi na moja alikana kabisa kwamba ni yeye, mkewe akamnyang'anya picha akaenda nayo ndani. Mwingine alihamia Korogwe, tukampelekea kwa basi. Baba mdogo kila mahali alisisitiza aingie mwenyewe, nimshike mkono mpaka mlangoni, atoe bahasha kwa mkono wake.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Chumbageni, aliyepigwa siku ya harusi yake. Alitusikiliza amesimama, khanga mdomoni. Akaipokea bahasha, akaitoa picha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu sana kiasi kwamba baba mdogo akanifinya mkono kuniuliza kuna nini. Mwishowe yule mama akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akatazama ndani ya bahasha.

"Na ile nyingine? Nililipia mbili."

Baba mdogo akaingiza mkono mfuko wa kanzu.

"Hii hapa," akasema. "Nilitaka nijue kama unakumbuka."